Somo: Rehani ya Nyumba na Haki za Mwenye Nyumba



Wako wanachama wanaoweka hatimiliki kuwa rehani ya mkopo, na barua ya kudaiwa inapofika huificha sandukuni kwa aibu. Dalali ajapo hudhani msiba umezuka ghafla, kumbe ulitanguliwa na miezi ya ilani. Somo hili laeleza hatua hizo kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012.

1. Ridhaa. Nyumba ya mume na mke haiwi rehani halali mpaka mwenzi anayeishi humo atie sahihi, au pawe na ushahidi kwamba amekubali. Katibu asiridhike na neno la mume peke yake.

2. Ilani ya kwanza. Malipo yakikosekana kwa mwezi mmoja, mkopeshaji aweza kumwandikia mdaiwa. Barua hiyo sharti itaje kosa lenyewe, kiasi kinachotakiwa, muda wa kulipa usiopungua miezi 3, matokeo ya kutolipa, na haki ya kuomba nafuu mahakamani.

3. Ilani ya kuuza. Muda huo ukiisha bila malipo, na mkopeshaji akiamua kuuza, hutoa ilani nyingine ya siku zisizopungua 40. Nakala hupelekwa pia kwa mwenzi na kwa mdhamini.

4. Dalali. Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zamtaka atoe ilani ya siku 45 ili mwenye mali apate kuikomboa. Baada ya hapo mnada haufanywi kabla ya siku 14 kupita tangu tangazo la kwanza gazetini.

5. Bei. Mkopeshaji ana wajibu wa kutafuta bei iliyo bora kadiri iwezekanavyo, na lazima mali ithaminiwe na mthamini kabla ya kuuzwa.

6. Salio. Tuseme nyumba imeuzwa kwa shilingi 1,500,000. Kodi na gharama za mauzo ni 100,000, na deni lote ni 800,000. Ikiwa hakuna rehani nyingine, shilingi 600,000 zilizobaki ni mali ya mdaiwa, wala si zawadi ya mkopeshaji.

Mdaiwa aweza kulipa na kukomboa nyumba wakati wowote kabla haijauzwa. Lakini akumbuke kwamba haki hizi hazifuti deni, na kwa kawaida mahakama haizuii mnada kwa sababu tu pana ubishi juu ya kiasi kinachodaiwa. Kubwa zaidi, sheria humlinda mnunuzi wa haki. Mdaiwa aliyenyamaza mpaka nyundo ikaanguka, hata kama hatua fulani ilirukwa, huenda asiipate nyumba tena; hubakiwa na njia ya kumdai fidia mkopeshaji. Mwenye malalamiko na amwone wakili mapema, akichukua barua zote.

Nacho chama kinachokopesha kwa rehani kijihadhari. Kikiruka hatua moja, fidia italipwa kutoka katika akiba za wanachama wote. Basi kila ilani iwekwe katika jalada, pamoja na tarehe na uthibitisho wa kuipokea.

Maswali ya kujadili:
(a) Je, majalada ya mikopo yetu yana sahihi za wenzi?
(b) Mwanachama akishindwa kulipa kwa mwezi mmoja, ni nani katika kamati amwendeaye kuzungumza naye kabla ya barua?

Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika