Mkimbiaji wa Mbulu

1. Nchi ya Mbulu ni nchi ya vilima na baridi. Huko ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari, mwaka 1938. Alipokuwa mtu mzima alisifiwa kwa mbio ndefu, na mwaka 1968 akachaguliwa kwenda Mexico City kuikimbilia Tanzania katika Michezo ya Olimpiki. Mbio zake zilikuwa marathoni, ambazo urefu wake ni kilometa 42 na mita 195.

2. Tarehe 20 Oktoba watu 75 walianza kukimbia. Mji ule uko juu sana, kadiri ya mita 2,240 juu ya bahari. Mahali palipoinuka hivyo hewa ni nyepesi, na mtu akimbiaye huhema upesi asipate pumzi ya kumtosha. Akhwari naye alitoka nchi ya juu, lakini misuli ya miguu ikaanza kumkaza. Kisha, kabla ya kufika nusu ya njia, wakimbiaji walisongamana wakigombea nafasi, naye akaanguka. Goti lake likateguka na kujeruhiwa, na bega likagonga barabara kwa nguvu.

3. Hapana mtu ambaye angemlaumu kama angaliacha. Katika wale 75, watu 18 hawakufika mwisho. Lakini Akhwari alifungwa bendeji, akainuka, akaishika njia tena.

4. Mamo Wolde wa Ethiopia alifika wa kwanza, kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Washindi wakapewa nishani zao, giza likaingia, na watazamaji wengi wakaenda zao. Zaidi ya saa moja ilikuwa imepita tangu Wolde kufika, mara akaonekana mtu mmoja akiingia uwanjani. Mguu wake ulikuwa umefungwa bendeji. Alikuwa akichechemea, akitembea kidogo, akikimbia kidogo. Watu wachache waliobaki walipomwona wakampigia makofi, na makofi yakazidi hata alipouvuka mstari. Saa yake ilikuwa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alikuwa wa 57, ndiye wa mwisho.

5. Husimuliwa kwamba aliulizwa kwa nini hakuacha. Akajibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mashindano tu, bali ilimtuma ayamalize.

6. Je, maumivu yale yalimfaa nini? Yafaa kufikiri vema hapa, kwa maana wako wasemao kwamba taabu ni njema. Sivyo. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang, vikaingia mji wa Katesh na vijiji vya karibu, na watu zaidi ya 80 wakafa. Msiba kama ule hauwezi kuitwa mwema. Lakini watu waliochimba topeni kuwatafuta jirani zao walitenda jambo jema ndani ya msiba. Taabu yenyewe haimkuzi mtu. Watu wawili huweza kupata pigo moja, mmoja akatoka na uchungu tu, na mwingine akatoka na moyo mpana zaidi. Limkuzalo mtu ni lile alitendalo akiwa ndani ya taabu.

7. Akhwari alipoinuka barabarani, tumaini la nishani lilikuwa limekwisha. Kilichobaki ni kazi aliyotumwa. Ni rahisi kufanya kazi wakati thawabu iko mbele ya macho. Aifanyaye hata thawabu ikiwa imeondoka, huyo amejua nguvu iliyomo ndani yake, na ujuzi huo hakuna awezaye kumnyang'anya. Wala hakuishia pale. Mwaka 1970 alikimbia marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Uskoti, akawa wa tano. Na mwaka 2008 alikuwa mmoja wa waliochukua mwenge wa Olimpiki Dar es Salaam. Hivyo yule aliyekuwa wa mwisho alikumbukwa miaka 40 baadaye.

8. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho akiyafananisha maisha ya mwamini na mbio za uwanjani. Kwa mtoto wa shule, anguko huja kwa namna nyingine: hesabu zimemshinda, au ugonjwa umemweka nyumbani hata wenzake wakamtangulia. Asijidanganye kwamba haumii. Kwanza na afungwe jeraha, yaani aombe msaada kwa mwalimu na wazazi. Kisha ainuke, aishike njia pale alipoiachia, ingawa wengine wamekwisha fika.

Maswali

1. Kwa nini kukimbia Mexico City kulikuwa kugumu?
2. Wakimbiaji wangapi walimaliza mbio zile?
3. Eleza tofauti ya taabu yenyewe na tendo jema ndani ya taabu. Toa mfano wa kwenu.