Kigango Hakiuzwi: Zijue Aina za Utamaduni Wako

Idara imetoa kijitabu hiki kwa sababu malalamiko yamezidi. Familia za Wagiriama na Mijikenda wengine zinafika ofisini na kilio kimoja: tumeamka asubuhi, kigango cha babu, nguzo ya kumkumbuka, hakipo. Wengi huja majuma mengi baada ya wizi, hawana picha, hawana namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi. Hapo hata ofisa mwenye bidii hana pa kuanzia.

Utamaduni una aina zake. Uko unaoshikika: nyumba, ngoma, vyombo, mti uliochongwa. Uko usioshikika: lugha, nyimbo, miiko, namna ya kumzika mtu na kumkumbuka. Tena ndani ya jamii moja makundi yana utamaduni wao, kama wavuvi na miiko yao ya bahari, au vijana wa matatu na Sheng yao. Huo wote ni utamaduni, na kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa.

Kigango kinabeba aina mbili za kwanza kwa pamoja, na hapa ndipo watu wanapokosea. Mti unashikika: kichwa cha duara, kiwiliwili chenye nakshi za pembetatu. Lakini mti huo ulisimamishwa kwa tambiko na pombe ya mnazi, kwa ajili ya marehemu aliyekuwa wa chama cha Gohu. Pale ndipo familia inapozungumza na koma, yaani roho ya mzee wao. Ndiyo maana familia ikihama, kigango hakihamishwi. Mnunuzi anayekitundika ukutani ng'ambo amepata mti mtupu. Nyumbani wamepoteza mti na tambiko.

Kwa hiyo la kwanza tunasema wazi: usiuze kigango. Broka akikwambia ni gogo linaloliwa na mchwa, usiuze. Akikwambia wazee wamekubali, mpeleke kwa wazee hao mbele ya chifu. Kijana unayetumwa usiku kwa ahadi ya pesa, jua unang'oa ukumbusho wa babu yako.

La pili, ambalo watu hulipuuza kuliko yote: piga picha. Mwaka 1985 mtafiti kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja wa Kigiriama akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake marehemu. Muda mfupi baadaye vikaibwa. Miaka ilipita, kimoja kikaonekana katika Illinois State Museum na kingine katika makumbusho ya Hampton University. Ile picha ndiyo iliyothibitisha ni vya nani, na mwaka 2007 vyote viwili vikarudi kwa familia. Bila picha, visingerudi. Leo simu iko mfukoni mwako, huna kisingizio. Piga mbele, nyuma, na ubavuni, mtu wa familia akiwa amesimama kando. Nakala moja mwachie mzee wa kijiji.

Kikiibwa, ripoti polisi siku hiyo hiyo na udai namba ya OB. Usingoje mazishi yaishe, usingoje Jumatatu. Kisha mjulishe chifu na ofisi ya makavazi iliyo karibu. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inazuia vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali, lakini hatuwezi kukizuia bandarini kitu ambacho hatujaambiwa kimeibwa.

Na upande usioshikika je? Usajili wa maarifa ya jadi chini ya sheria ya 2016 ya kuyalinda uko mikononi mwa kaunti. Masharti ya nani anastahili kusajili yako kwenye fomu ya usajili.

Maofisa wetu wamefika vijiji vya ndani kabisa, kwa miguu pale gari lisipopita. Lakini hatuwezi kulala nje ya kila boma. Ulinzi wa kwanza ni wako.

Kuripoti hakulipiwi. Ofisa yeyote akikuomba pesa, mripoti naye pia.