Siku 400 bila ajali: tushangilie?

Swali: Mimi ni msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha mkonge. Ubao wetu getini unasomeka siku 400 bila ajali. Si kipimo tosha cha utamaduni wa usalama?

Jibu: Hapana, ndugu. Aprili 2010 wakuu wa kampuni walifika kwenye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon, Ghuba ya Mexico, wakiusifu kwa miaka 7 bila ajali ya kumtoa mtu kazini. Usiku uleule ulilipuka, watu 11 wakafa. Ubao huhesabu waliokwisha kuumia tu, na penye bonasi ya "sifuri" mtu hufunga kidole kitambaa akanyamaza.

Fungua daftari la ajali zilizokoswakoswa. Likiwa tupu huku mashine ya korona inasaga majani ya mkonge kutwa, mimi nasoma woga hapo. Angalia pia taarifa ngapi zilifanyiwa kazi, na zilichukua siku ngapi. Kisha muulize kibarua, bosi akiwa mbali: aliyezima mashine mara ya mwisho kwa kuhofia hatari alifanywa nini? Kama alifokewa, mabango mapya ya usalama ni hasara ya rangi. Kaa kwanza na aliyefoka. Na hiyo bonasi, kama ipo, mpe anayeripoti.