Mafunzo Niliyopata Nikipapasa Diatomu za Ziwa Nyasa

Diatomu ni mwani wa seli moja unaojijengea ganda la silika, malighafi ileile ya kioo. Huliwa na vijidudu vya majini, navyo huliwa na usipa. Nilizichota Matema, wilayani Kyela, nikaenda kuzichunguza ughaibuni kwa hadubini ya nguvu za atomi.

1. Hadubini hii haioni, inapapasa. Ina ulimi mdogo wa silikoni, na chini ya ulimi kuna ncha ambayo nusu kipenyo chake ni kama nanomita 10. Ncha hupita juu ya sampuli mstari baada ya mstari. Leza humulika mgongo wa ulimi, na ulimi ukipinda hata kidogo tu, doa la mwanga huhama. Kompyuta husoma mwinuko na bonde kutokana na kuhama huko. Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber waliitangaza mwaka 1986, mwaka uleule Binnig na Heinrich Rohrer walipopewa Nobel kwa chombo kilichoitangulia. Kile kilitaka sampuli inayopitisha umeme. Hiki hakijali, kwa hiyo ganda la silika husomeka bila kupakwa dhahabu.

2. Kalenda ya ziwa huja kabla ya maabara. Kuanzia Mei hadi Agosti kusi huvuma, maji hukorogeka, virutubisho hupanda kutoka chini na diatomu huzaliana. Masika yakiingia, mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hushusha tope. Asubuhi moja baada ya mvua, mzee mmoja wa mitumbwi alichungulia chupa yangu akasema, "Mwanangu, hayo ni maji ya mto, si ya ziwa." Nikamwitikia, nikaihifadhi chupa na kuiandika tarehe. Maabara ilimpa haki: vibamba vya udongo vilikuwa vimelala juu ya maganda, vimeziba matundu. Katika chupa za wakati wa kusi matundu yalikuwa wazi, yamejipanga safu kwa safu.

3. Kusafisha sampuli huchukua muda mrefu kuliko kupima. Maganda huchemshwa kwenye haidrojeni peroksaidi hadi mabaki ya uhai yaishe, husuuzwa, kisha tone huwekwa juu ya ulanga uliobanduliwa tabaka la juu kwa selotepu. Ulanga ukibanduliwa hivyo hutoa uso ulionyooka mno. (Milima ya Uluguru ilichimbwa ulanga tangu enzi za Mjerumani, lakini wetu pale ulinunuliwa kwa katalogi.) Kisha kuna ukaidi wa Aulacoseira, jenasi mojawapo ya diatomu za ziwa hili: ganda lake ni kama pipa, ncha ikiligusa linabingirika. Vipande vilivyovunjika na kulala bapa ndivyo vinavyofaa.

4. Usiamini picha kabla ya kuizungusha sampuli. Kila picha ni mchanganyiko wa umbo la ganda na umbo la ncha. Kwenye ukingo wenye mteremko mkali, ubavu wa ncha hugusa kwanza, na unachokiona ni ncha yenyewe. Ncha ikimeguka, matundu yote huonekana yameinamia upande mmoja. Geuza sampuli nyuzi 90: mwinamo ukigeuka nayo, ni wa ganda, ukibaki palepale, badilisha ncha.

5. Pima usiku. Mchana mlango ukibamizwa, mtetemo wake huchora mstari katikati ya picha.

6. Watangulizi wasomwe. Friedrich Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani, alikusanya sampuli za ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19. Otto Müller wa Berlin akazichambua na kuchapisha maelezo yake kuanzia miaka ya 1900. Aulacoseira nyassensis aliieleza yeye. Hadubini yake ya mwanga isingeweza kutenganisha vitu vilivyo karibu zaidi ya takriban nanomita 200. Hata hivyo michoro yake ilinisaidia kuliko picha zangu nyingi, kwa sababu alilichora ganda zima, nami nilikuwa na kipande kisichojulikana kilikotoka.

Mwalimu wa baiolojia uliye Kyela, huhitaji chombo cha mamilioni ili kuanza. Wapeleke wanafunzi ufukweni kusi likivuma, wakwangue utelezi wa kwenye mawe, wauweke chini ya hadubini ya shule kwa ukuzaji wa mara 400. Diatomu wataziona. Na chupa iandikwe tarehe, mahali na upepo wa siku hiyo.