DISKI ILIYOFUNGWA KWA SIRI: TUTAFUTE UFUNGUO KWANZA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari la vikundi vingi liko ndani ya kompyuta. Sasa, kompyuta ikizeeka na faili zikakataa kufunguka, tufanyeje? Hilo ndilo somo letu.

Mfano

Tuseme kikundi cha akina mama 30 kimeweka hesabu za mikopo katika kompyuta moja. Katibu aliyezifunga kwa neno la siri amefariki. Kompyuta nayo imekufa. Fundi anatoa diski, yaani kile kisanduku cha ndani kinachohifadhi faili, anaiunganisha na kompyuta nyingine. Majina ya faili yanaonekana, lakini faili zenyewe hazifunguki ng'o! Wanachama wanaanza kunong'ona: nani amelipa, nani ana deni? Mweka hazina anashukiwa bure. Hapo kinachoharibika si kompyuta tu, ni uaminifu wetu.

Tujue aina ya kufuli

1. Neno la kuingilia tu. Hili ni kama mlango wa mbele. Diski ikiunganishwa na kompyuta nyingine, faili hufunguka.

2. Faili zilizofungwa moja moja ndani ya Windows. Mara nyingi majina yake huonekana kwa rangi ya kijani. Ufunguo wake umo humo humo ndani ya diski, lakini umefungwa kwa neno la siri la mtumiaji. Huu ndio mfano wetu wa akina mama.

3. Diski nzima iliyofungwa. Programu ya BitLocker, iliyokuja na Windows Vista mwaka 2007, hufanya hivyo. Huomba ufunguo wa tarakimu 48, katika mafungu manane ya tarakimu sita sita.

4. Faili moja yenye neno lake la siri, kama vile la Excel. Zile za kabla ya Excel ya 2007 zilikuwa na kufuli dhaifu, na fundi hodari anaweza kuzifungua. Za baadaye ni ngumu.

Watu wengine husema ati fundi mzuri hufungua kila kitu. Si kweli. Kufuli za kisasa zina funguo nyingi mno za kujaribu, idadi yenye tarakimu 39. Hakuna kompyuta inayoweza kuzijaribu zote. Kazi yetu basi ni kutafuta ufunguo.

Hatua za kufuata

Kwanza, zimeni kompyuta. Diski ikitoa sauti ya kugonga-gonga, msiiwashe tena. Pelekeni kwa fundi.

Pili, mwambieni fundi atoe nakala ya diski nzima kabla ya kujaribu lolote. Majaribio yafanywe kwenye nakala.

Tatu, tafuteni ufunguo. Ongeeni na jamaa ya katibu kwa heshima. Angalieni daftari zake, karatasi zilizochapishwa na flashi za zamani. Kwa BitLocker, ufunguo huenda umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya aliyeitayarisha kompyuta. Skrini huonyesha namba ya utambulisho. Ilinganisheni na iliyo kwenye karatasi.

Nne, hifadhini kompyuta ile ya zamani. Wakati mwingine diski ya BitLocker hufunguka yenyewe ikirudishwa kwenye kompyuta yake, kwa sababu ufunguo uko ndani ya kifaa kidogo humo.

Tahadhari

Msikubali fundi aweke Windows upya wala kufomati diski. Pia asilazimishe neno jipya la siri bila lile la zamani: kwa kufuli ya aina ya pili, faili hubaki zimefungwa.

Msikisie ovyo. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba Stefan Thomas, mtaalamu wa kompyuta aliyekuwa akiishi San Francisco, Marekani, alisahau neno la siri la kifaa chenye ufunguo wa bitcoin 7,002, fedha za mtandaoni zenye thamani ya mamilioni ya dola. Kifaa kile huruhusu kukisia mara 10 tu, naye alikuwa amekisia mara 8. Kama mtaalamu amekwama, je, sisi?

Ufunguo usipopatikana

Msimalize akiba yenu kwa mafundi. Kusanyeni vitabu vya wanachama, taarifa za benki na za M-Pesa, na kumbukumbu za mikutano. Andikeni hesabu upya mbele ya wote. Diski msiitupe wala kuiuza. Ina majina na namba za vitambulisho vya watu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatutaka tuzitunze.

Kinga

Sanduku letu la akiba lina kufuli tatu na washika funguo watatu. Kompyuta nayo iwe hivyo. Andikeni neno la siri na ule ufunguo wa tarakimu 48 kwenye karatasi, mziweke ndani ya bahasha zilizofungwa, kwa watu watatu wasiokaa nyumba moja. Katibu akibadilisha neno, bahasha zibadilishwe siku hiyo hiyo. Na kila mwisho wa mwezi, chapisheni hesabu kwenye karatasi.

Maswali ya kujadiliana

1. Katibu wetu akiondoka leo, nani mwingine anaweza kufungua hesabu zetu?
2. Bahasha tatu tutawapa akina nani, na kwa nini hao?
3. Mara ya mwisho tulichapisha hesabu lini?

Mkimaliza kujadiliana, msiende nyumbani kabla ya kuchagua wale watatu. Mungu abariki kazi ya mikono yenu.