SOMO: UBAO WA BIASHARA UNAOSOMWA



Karibu kila duka la kijijini lina maneno yameandikwa ukutani. Mara nyingi ni haya: "Leo kukopa marufuku, njoo kesho." Wateja wanacheka, halafu wanakopa. Lakini maneno hayo hayamwambii mtu kuna bidhaa gani dukani, bei yake, wala saa ya kufungua. Leo tujifunze kuandika ubao unaoleta wateja. Ubao huo ni kama gazeti dogo la biashara yako, na mwandishi wake ni wewe mwenyewe.

Tuanze na tangazo tunalolijua sote huku Masasi na Newala. Katika mpango wa stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hapokei fedha zake zote palepale kwenye mizani. Anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, kisha wanunuzi wanashindana mnadani. Basi bei ya mnada ikibandikwa, hata asiyependa kusoma anasogea. Mwaka 2018 Serikali ilipotangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, nani alihitaji kulazimishwa kusoma tarakimu hizo? Baadaye wengi walisubiri malipo kwa miezi. Swali halikuwa tena "bei gani?" Lilikuwa "lini?"

Hapo tunapata jambo la kwanza. Watu husoma kinachogusa mfuko wao, na hutafuta vitu vitatu: kitu gani, bei gani, lini.

Mimi mwenyewe nililisahau hilo. Nilikuwa nakisaidia kikundi cha akina mama wanaobangua korosho na kuziuza kando ya barabara, hapa Chidya. Wakaniomba niwaandikie ubao, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Nikaandika hivi:

"Kikundi chetu kimejizatiti kutoa bidhaa zenye viwango kwa maendeleo endelevu ya jamii."

Nikasimama pembeni nikijipongeza. Akapita mzee mmoja na baiskeli yake. Nikamwamkia: "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akasoma pole pole mpaka mwisho. Akaniuliza:

"Mwalimu, hapa mnauza nini?"

"Korosho zilizobanguliwa, mzee."

"Sasa mbona hamjaandika?"

Akina mama walicheka sana. Nilifuta yote, tukaandika upya:

KOROSHO ZILIZOBANGULIWA
Zimekaangwa jana, Jumatano.
Robo kilo shilingi 6,000.
Zilizovunjika, robo kilo shilingi 4,000.
Tunafungua saa 2 asubuhi.

Tazama mstari wa nne. Wengine kikundini hawakutaka uandikwe. Walisema tunajitangazia ubaya. Lakini korosho zilizovunjika ndizo zilizokwisha kwanza! Mteja alijua anachonunua, hakudanganywa, na bei ilimfaa.

Wiki ya kwanza biashara ilikwenda vizuri. Halafu ubao ukasahauliwa. Wiki ya tatu bado ulisema "jana, Jumatano". Siku moja akaja mteja na bodaboda kutoka mbali. Alikuta korosho nzima zimekwisha, na zile zilizovunjika bei imepanda. Akaonyesha ubao kwa kidole: "Haya nani kaandika?" Hakuna aliyejibu. Akageuza pikipiki akaondoka, na maneno yake yakafika kijiji cha pili kabla ya jioni. Ubao wa zamani ni mbaya kuliko kukosa ubao, kwa sababu unakutia katika uongo hata kama hukukusudia.

Kikundi kilikaa kikao. Nani alipaswa kuandika? Ikaonekana kazi ilikuwa ya wote, na kwa hiyo haikuwa ya mtu. Mmoja alikuwa anauguza mtoto. Wengine walisema, "Mwandiko wangu mbaya, watu watanicheka." Ndugu zangu, hapa ndipo penye shida kubwa kuliko chaki na rangi. Tumejifunza kusoma na kuandika ukubwani, lakini kuandika mbele za watu bado tunaona haya.

Mama mmoja aliyehitimu kisomo alikubali kujaribu. Siku ya kwanza aliandika, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Aliandika "koroso". Kijana mmoja akacheka. Mama akaongeza herufi H, akaendelea. Herufi zake ni kubwa na zimeachana, zinasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Wangu mimi mwalimu, wa kuunganisha herufi, haukuwa unasomeka hata hatua kumi! Sasa yeye ndiye mwenye chaki. Kila Jumatatu na Alhamisi anafuta, anaandika tarehe juu kabisa, kisha habari. Akipata dharura, kuna mwenzake aliyetajwa kwa jina kushika nafasi yake.

Je, siku bidhaa zimekwisha aandike nini? Anaandika: "Leo hakuna. Zitapatikana Jumamosi." Hiyo nayo ni habari, tena inamwokolea mtu nauli.

Baadaye waliongeza sehemu ndogo chini ya ubao, isiyouza kitu. Wiki moja waliandika: "Weka korosho kwenye chombo kikavu chenye mfuniko. Zikipata unyevu zinalainika." Wiki nyingine: "Usibangue korosho kwa meno. Mafuta ya ganda huunguza ngozi." Watu walianza kusimama kusoma hata siku wasiyonunua, na aliyezoea kusimama, siku ya kutaka korosho anajua pa kwenda.

Maneno hayo walitoa wapi? Kwa wateja. Wana daftari la kurasa 40. Mteja akiuliza jambo, linaandikwa. Swali likiulizwa mara tatu, jibu linapanda ubaoni. Katika daftari hilo hilo, kila mnunuzi mgeni huulizwa, "Umejuaje kama tunauza?" Akisema ameona ubao, wanapiga mstari mmoja. Mwisho wa mwezi wanahesabu mistari. Wasingehesabu, wangebaki kubishana tu kama chaki ina faida.

Siku hizi mwenye simu hupiga picha ubao na kuwatumia wateja walioko Masasi mjini. Ni vizuri, lakini picha haifutiki kwa kitambaa. Itasomwa hata mwezi ujao. Kwa hiyo tarehe isikose. Ukiandika namba ya simu, hesabu tarakimu zake: ziwe 10, na ya kwanza ni sifuri. Ikipungua moja, umemtuma mteja asikokujua.

ZOEZI

Soma tangazo hili:

"Tunauza mbaazi bora. Bei poa. Njooni wote. Wahini sasa."

1. Mteja hajaambiwa mambo gani? Yataje.
2. "Bei poa" ni shilingi ngapi?
3. Mtu akilisoma tangazo hili baada ya mwezi, atajuaje kama mbaazi bado zipo?
4. Liandike upya kwa maneno yasiyozidi 20. Kisha mpe jirani alisome kwa sauti, wewe ukae kimya. Akikwama mahali, futa hapo, uandike tena.