Mezani pa Gavana: Serikali ya Tanganyika Baina ya Vita Viwili

Mwanafunzi wa Dodoma wa siku hizi haoni ajabu kupishana na gari la Waziri barabarani. Ofisi za wizara zipo Mtumba, Ikulu ipo Chamwino, na Bunge lipo papa hapa mjini. Kwa hiyo mwalimu akiuliza darasani Baraza la Mawaziri ni nani na nani, mikono mingi huinuka. Lakini muhula huu nilipowauliza vijana wa Kidato cha Tatu mawaziri wa Tanganyika mwaka 1925 walikuwa akina nani, darasa lilinyamaza kimya. Hatimaye mmoja alijibu, "Hawakuwapo, Mwalimu. Alikuwapo Gavana tu." Jibu lile lilikuwa nusu ya kweli. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya ile nusu iliyobaki.

Yafaa kwanza tukumbuke hali ya nchi yetu hii ya Ugogo wakati ule. Vita Kuu ya Kwanza vilipopita hapa mwaka 1916 na 1917, majeshi ya pande zote mbili yalichukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Kisha mvua zikakosekana. Njaa iliyofuata, ambayo wazee waliiita Mtunya, ilidumu toka mwaka 1917 mpaka 1920, na katikati yake ukaingia ule ugonjwa wa mafua uliozunguka dunia nzima mwaka 1918. Wataalamu wa historia wanakadiria kwamba katika Wagogo wapatao 150,000, watu 30,000 walikufa. Maana yake ni kwamba katika kila watu watano alizikwa mmoja, na wengine hawakupata hata wa kuwazika.

Basi mwaka uleule wa 1920, njaa ilipokuwa ikiisha, ndipo Serikali mpya ilipowekwa. Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa nchi, na Waingereza waliipewa waitunze chini ya Shirika la Mataifa lililokuwa na makao yake Geneva. Tarehe 22 Julai 1920 Mfalme wa Uingereza alitoa Amri ya kuunda Serikali ya Tanganyika, na Sir Horace Byatt akawa Gavana wa kwanza. Amri hiyo ilimtaka Gavana awe na Baraza la Utendaji la kumshauri. Hapo ndipo penye jibu la swali letu, maana Baraza hilo ndilo lililokaribia kufanana na Baraza la Mawaziri kuliko kitu kingine chochote humu nchini.

Viti vyake vilikuwa vinne. Cha kwanza kilikuwa cha Katibu Mkuu wa Serikali, ambaye barua zote za mabwana shauri kutoka mabomani zilipita mkononi mwake, naye ndiye aliyeshika nchi Gavana asipokuwapo. Cha pili kilikuwa cha Mwanasheria Mkuu, mtunzi wa miswada ya sheria. Cha tatu kilikuwa cha Mweka Hazina, na cha nne cha Mganga Mkuu. Wote walikuwa Wazungu, na wote walikuwa watumishi wa Serikali waliolipwa mshahara.

Ningependa wanafunzi wavitazame vizuri viti hivyo, kwa sababu orodha ya viti husema mengi kuliko hotuba. Utawala, sheria, fedha na afya vilikuwa na kiti. Kilimo hakikuwa na kiti, wala mifugo, wala elimu. Nchi ambayo karibu watu wake wote waliishi kwa jembe na ng'ombe haikuwa na msemaji wa jembe wala wa ng'ombe mezani. Sisemi kwamba idara hizo hazikuwapo. Idara ya Mifugo, kwa mfano, ilifanya kazi kubwa sana pale Mpwapwa, mahali ambapo Wajerumani nao walikuwa wamefungua kituo cha kuchunguza magonjwa ya wanyama. Lakini mkuu wa idara asiye na kiti huandika barua, kisha husubiri jibu.

Je, wale wanne walikuwa mawaziri? La, na tofauti yake hutokea sana katika mitihani. Waziri wa kweli hutokana na watu. Huchaguliwa, au huteuliwa na aliyechaguliwa, na Bunge likimkataa huondoka. Wale wanne hawakuchaguliwa na mtu yeyote wa Tanganyika, wala hapakuwa na Bunge la kuwakataa. Tena kazi yao ilikuwa ushauri tu. Hata wote wanne wakisema hapana, Gavana aliweza kusema ndiyo, ilimradi apeleke habari London na kueleza sababu zake.

Hapo ndipo twaona kwamba baraza la mawaziri la Tanganyika lilikuwapo, ila lilikuwa mbali sana. Lilikuwa London. Katika Baraza la Mawaziri la Uingereza palikuwa na kiti cha Waziri wa Makoloni, na aliyekikalia ndiye aliyekuwa mkubwa wa Gavana wetu. Winston Churchill, ambaye sote twamjua kwa habari za Vita Kuu ya Pili, alikikalia mwaka 1921 na 1922. Leo Amery alikikalia toka 1924 hadi 1929. Chama cha Labour kilipochukua serikali mwaka 1929 alifuata Sidney Webb, ambaye kwa cheo chake aliitwa Lord Passfield. Mara serikali ya London ilipoanguka, wakubwa wa Tanganyika walibadilika bila mtu wa Dodoma kuambiwa kwa nini. (Wasichana wetu watapenda kujua kwamba katika baraza lile la 1929 aliingia Margaret Bondfield, Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuwa katika Baraza la Mawaziri la Uingereza. Kwetu mawaziri kamili wa kwanza wanawake, Tabitha Siwale na Julie Manning, waliteuliwa mwaka 1975.)

Mabadiliko makubwa yalikuja na Gavana wa pili, Sir Donald Cameron, aliyetawala toka 1925 mpaka 1931. Mwaka 1926 alifanya mambo matatu ambayo lazima yasomwe pamoja.

Aliigawa nchi katika majimbo, kila moja na mkuu wake, na Dodoma ikawa makao ya Jimbo la Kati. Alipitisha Sheria ya Utawala wa Wenyeji, iliyowapa watemi na machifu mabaraza yao, mahakama zao na hazina zao. Na alianzisha Baraza la Kutunga Sheria, lililokutana mara ya kwanza Dar es Salaam mwezi Desemba 1926. Ndani yake walikuwamo maofisa wa Serikali 13, na nafasi za watu wasio maofisa zisizozidi 10. Wasio maofisa walioteuliwa kwanza walikuwa 7: Wazungu 5 na Wahindi 2. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Maofisa walipaswa kupiga kura upande wa Serikali, kwa hiyo hata wale wengine wangeungana wote na nafasi zote 10 zikajazwa, Serikali isingeshindwa.

Cameron alieleza kwa nini hakumweka Mwafrika. Alisema hakupata mwenye Kiingereza cha kutosha kufuata mazungumzo, na kwamba Gavana mwenyewe pamoja na Katibu wa Mambo ya Wenyeji wangewasemea. Ukatibu huo ulikuwa cheo kipya. Wa kwanza kuushika alikuwa Charles Dundas, yule aliyejulikana Kilimanjaro kwa kuwahimiza Wachaga kulima kahawa. Mwaka 1928 ulishikwa na Philip Mitchell, ambaye baadaye akawa Katibu Mkuu wa Serikali, kisha Gavana wa Uganda.

Napenda kuwa mwadilifu kwa Cameron. Alisimama imara kuzuia Tanganyika isiunganishwe na Kenya chini ya masetla, na kwa hilo twamshukuru. Lakini sababu yake ya Kiingereza mimi siikubali. Serikali yenyewe ilikuwa ikichapisha gazeti la Mambo Leo kwa Kiswahili toka mwaka 1923, na mabwana shauri walilazimishwa kufanya mtihani wa Kiswahili kabla ya kupandishwa cheo. Serikali iliyoweza kudai kodi kwa Kiswahili ingeweza pia kusikiliza kwa Kiswahili, na mkalimani mmoja angetosha. Wala haikuwa kweli kwamba Mwafrika hawezi kazi ya waziri. Jirani zetu Waganda, katika ufalme wao, walikuwa na mawaziri watatu tangu Mapatano ya mwaka 1900: Katikiro, Mlamuzi na Mweka Hazina, na wote walikuwa watu wa nchi.

Miaka mitano tu baadaye jambo lenyewe lilijibiwa huko huko London. Mwaka 1931 kamati ya Bunge la Uingereza ilikuwa ikichunguza kama nchi za Afrika Mashariki ziunganishwe, na Tanganyika ilipeleka mashahidi watatu Waafrika: Chifu Makwaia wa Usukuma, Francis Lwamgira wa Bukoba, na Martin Kayamba, karani mkuu wa Tanga. Walikwenda, wakasimama mbele ya wakubwa wa Uingereza, wakasema waliyotumwa kusema. Kayamba aliporudi alipewa kazi katika ofisi kuu ya Serikali Dar es Salaam, cheo ambacho Mwafrika hakuwa amekipata kabla yake. Hata hivyo kilikuwa kiti cha ofisini, si cha mezani.

Sasa tuone mambo yalivyokuwa kutoka juu hadi chini, mathalani katika habari ya kodi. Mweka Hazina alikadiria Serikali itahitaji fedha kiasi gani. Gavana alizungumza na Baraza lake la Utendaji, makadirio yakapelekwa London yakubaliwe, na Baraza la Kutunga Sheria likayapitisha. Kisha amri ilipanda gari moshi hadi Dodoma kwa Mkuu wa Jimbo, akampa Bwana Shauri, naye akawaita watemi. Mtemi Mazengo wa Mvumi, ambaye jina lake lilipewa shule iliyokuwa pale ambapo leo ni Chuo Kikuu cha St John's, alikuwa miongoni mwa watemi wa Ugogo walioishi katika utaratibu huo. Mtemi aliwaambia wazee wake, na mwishowe mwenye kaya akapeleka ng'ombe mnadani ili apate shilingi. Sehemu ya kodi ile ilirudi katika hazina ya wenyeji, ikalipa mishahara ya mtemi na makarani wake.

Amri iliteremka ngazi zote hizo kwa majuma machache. Malalamiko yalitakiwa yapande ngazi zilezile, na aliyeyaandika kila mahali alikuwa mtu mwingine, kwa lugha nyingine. Mtemi alisema Kigogo, karani akaandika Kiswahili, Bwana Shauri akaandika Kiingereza, Mkuu wa Jimbo akafupisha, na ofisi ya Katibu Mkuu ikafupisha tena. Neno kama Mtunya likifika juu lilikuwa limekwisha kuwa "upungufu wa chakula".

Shida ya biashara duniani ilipoanza mwaka 1929, bei za mazao ya nchi zilianguka. Mwaka 1932 London ilimtuma Sir Sydney Armitage-Smith kukagua fedha za Tanganyika, na kazi iliyotawala miaka ile ilikuwa kubana matumizi. Magavana waliofuata, Sir Stewart Symes, Sir Harold MacMichael na Sir Mark Young, hawakuleta mabadiliko yanayolingana na yale ya 1926. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939, Mwafrika alikuwa bado hajaingia Baraza la Utendaji wala la Kutunga Sheria.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka kuliko wakubwa walivyotazamia. Mwaka 1945 Waafrika wawili waliingia Baraza la Kutunga Sheria: Chifu Abdiel Shangali wa Machame na Chifu Kidaha Makwaia. Huyu Kidaha ni mtoto wa yule Chifu Makwaia aliyekwenda London mwaka 1931, na mwaka 1951 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi katika Baraza la Utendaji. Kwa hiyo, tangu viti vile vinne vya 1920 hadi siku hiyo, ilipita miaka 31. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika mwaka 1958 na 1959, na tarehe 1 Julai 1959 mawaziri watano waliotokana na wajumbe waliochaguliwa waliapishwa: Abdallah Fundikira, George Kahama, Solomon Eliufoo, Amir Jamal na Derek Bryceson. Septemba 1960 Julius Nyerere akawa Waziri Kiongozi, na mwezi Mei 1961 Waziri Mkuu.

Katika viti vile vya zamani kimoja tu bado chatambulika wazi. Ibara ya 54 ya Katiba yetu yasema Mwanasheria Mkuu wa Serikali atahudhuria mikutano ya Baraza la Mawaziri na kuwa na haki zote za mjumbe, isipokuwa haki ya kupiga kura.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, Wizara ya Serikali za Mitaa ilikabidhiwa Job Lusinde, mzaliwa wa Ugogo wa mwaka 1930, aliyepata kuwa mwalimu hapa Dodoma. Majalada ya mabaraza ya wenyeji, yaliyokuwa yakipanda kwa Katibu wa Mambo ya Wenyeji akasomewa tafsiri, sasa yalifika mezani kwa mtu aliyekijua Kigogo tangu utoto wake.